Usiikalie Mpaka Nije

Duka la Mikate la Ranjit,
Kitale
16 Februari 1987

Mjomba Mukhisa,

Ikiwa barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti kwanza. Hakuna aliyekufa. Mama yuko sawa kule Kiminini, mahindi amemaliza kupukuchua na sasa anagombana na panya tu. Msalimu anti Nasambu, mwambie kile kitambaa alichomtumia mama kimekuwa cha kanisani, hakifuti meza tena. Mimi pia ni mzima, isipokuwa mguu.

Nilikuwa natoka kupeleka mikate Kiminini, kreti zikiwa tupu kwenye keria, naendesha vizuri na upepo nyuma yangu. Lori la mahindi likanipita karibu sana nikaingia mtaroni. Mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti, umevunjika. Wamenifunga plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, natembea na magongo. Daktari anasema ni mvunjiko mzuri. Mimi sikujua kuna mvunjiko mzuri.

Najua utauliza habari ya ng'ombe kabla ya kuuliza habari yangu. Ng'ombe yuko salama. Rimu ya mbele ilijipinda, fundi akainyoosha, na pedali moja imepotea nitanunua nyingine. Amelala stoo kwa Ranjit nyuma ya magunia ya unga.

Kinachoniuma si mfupa, Mjomba. Mashindano ya baiskeli ya wenye maduka ni mwezi wa kumi, wakati wa maonyesho. Mwaka jana nilikuwa wa pili, wewe mwenyewe ulinisikia nikikuhadithia mpaka ukasinzia. Mwaka huu Ranjit alishanishonea fulana yenye jina la duka. Sasa kila siku ninayokaa naona kama nguvu zinamwagika mahali. Juzi nilijikokota mpaka stoo, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikakaa kwenye siti nikapiga pedali kwa mguu mmoja. Mama Bimla, mama yake Ranjit, akanikuta. Alifoka mpaka mikate ikaungua.

Mpwa wako,
Festus


Bungoma
3 Machi 1987

Mwana wa dada yangu,

Nimeketi kama ulivyoniambia, nikasoma, nikasimama tena kwa hasira. Hapa nyumbani tunaendelea. Mvua bado. Nasambu anakusalimu na anasema ukitaka mguu upone kunywa supu ya mifupa, usinywe soda. Mimi niko sawa kabisa. Cheni iliniuma kidole cha mguu hapo majuzi, kakidonda kadogo tu, hakanizuii. Jana nilikuwa Chwele na kuku wangu kwenye keria kama kawaida na nikarudi na vitunguu.

Sasa tuongee. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umeanza na guu, basi angalau sasa sikia.

Ulipokaribia kutahiriwa mwaka wa sabini na nane ulikuja kwangu kama mila yetu inavyosema, mjomba ampe mpwa wake ndama. Mimi sikuwa na ndama. Nilikupa baiskeli, nikakuwekea nyama ya kidari shingoni mbele ya wazee, na wazee wakacheka wakasema Mukhisa ametoa ng'ombe wa chuma. Nikawajibu huyu hatakufa kwa kupe. Unakumbuka. Tangu siku hiyo ile baiskeli si yako peke yako, ina mkono wangu ndani yake, na mkono wangu hautakuvunja mara ya pili.

Kwa hivyo nasema hivi. Usiikalie mpaka nije. Nitakuja mwenyewe, nishike usukani, nikuambie panda. Kabla ya hapo usiikalie, hata kwa mguu mmoja, hata stoo, hata kama Ranjit amekuchekea. Hapa sisemi kama rafiki yako wa kutaniana, nasema kama mjomba. Unajua neno la mjomba haliondolewi na mtu mwingine.

Plasta ikitoka niandikie, nitakuja mara moja.

Mukhisa


Kitale
27 Aprili 1987

Mjomba,

Salamu kutoka kwa watu wote wa bekari, hata wale usiowajua. Mvua imeanza, mama amepanda, mgongo unamuuma lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayepalilia. Anti Nasambu mwambie supu nimekunywa mpaka mbwa wa mtaa wananichukia.

Plasta imetoka. Nilidhani nitafurahi. Mjomba, walipoikata na kuifungua niliona mguu wa mtu mwingine. Paja langu la kulia, lile lililokuwa linapasua kaptura, limekwisha. Limelegea, ngozi inaning'inia, ukiweka na la kushoto unaweza kusema hili la baba na hili la mtoto wake. Nilipotembea kutoka wodini mpaka langoni nilihema kama nimebeba gunia. Mimi, Festus, ninayepanda kutoka Kiminini na kreti bila kushuka. Niliona aibu nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Daktari aliniambia nisiogope. Mfupa umeshikana, alisema, ila nyama imelala kwa sababu haikuwa na kazi, na pumzi nayo imelala. Kupumzika kulikuwa dawa, na sasa dawa imekwisha, nisiendelee kuinywa. Nianze polepole, kidogo leo, kidogo zaidi wiki ijayo, na baiskeli ni nzuri kuliko kutembea kwa sababu haigongi mfupa. Amesema nikianza sasa, mwezi wa kumi naweza kuwa mtu tena.

Mama Bimla ananikanda kila asubuhi na mafuta ya haradali, ananifinya huku akinitukana kwa lugha yao. Ranjit ni muungwana, amenipa kazi ya kupanga mikate. Barabarani amemweka kijana anaitwa Rotich, ati kwa muda. Rotich ni mtu mzuri na ana mapafu ya Mnandi mkimbiaji. Ndiyo maana naogopa hilo neno la kwa muda.

Neno lako nimelishika. Sijaikalia. Njoo, Mjomba, hata Jumapili moja, useme panda urudi.

Festus


Bungoma
14 Juni 1987

Mwana wa dada yangu,

Usinihesabie siku, barua yako ilichelewa njiani na mimi pia nikachelewa. Huku maharagwe yamefanya vizuri. Mbuzi wa jirani ameingia shambani mara mbili na mara zote mbili mwenyewe anasema si wake. Nasambu ni mzima, siku hizi anapika bila chumvi, sijui alisikia wapi.

Nimefurahi kwamba plasta imetoka. Lakini kwa nini mna haraka hivi nyinyi watoto? Wewe unakaa Kitale kwenye maziwa, waulize wafugaji. Ng'ombe akikaribia kuzaa unaacha kumkamua kabisa, anakaa tu, anakula, kiwele kinanywea mpaka mtu asiyejua anasema huyu amekwisha. Akizaa unashangaa ndoo haitoshi. Ukimkamua mpaka siku ya mwisho kwa sababu ya tamaa, mwaka unaofuata unapata kikombe. Mguu wako ni hivyo hivyo, ukae.

Kuja nitakuja. Kuna mambo mawili matatu hapa yamenishika. Acha tuvune kwanza.

Mukhisa


Kitale
2 Julai 1987

Mjomba,

Tumeamka salama. Mama ni mzima kwa mwili. Alipokuja huko kwenu mwezi wa tano kwenye matanga ya mzee mmoja wa huko, alirudi akiwa kimya. Nilimuuliza Mjomba anaendeleaje akasema anaendelea. Nilimuuliza mbona hakuja nawe akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Kuna kitu nimekosa kwenu? Kama nimekosa niambie.

Habari ya ng'ombe wa kukaushwa nimewauliza wafugaji kama ulivyosema. Wamekubali. Halafu wakaniambia kitu ambacho wewe hukukiandika. Wanasema akishazaa usipoanza kumkamua siku hiyo hiyo, kiwele kinaharibika na maziwa hayarudi. Kukaa kuna mwisho wake, Mjomba. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia ukiacha kwenda Chwele wiki mbili tu, kilima cha tatu kinakuuliza jina.

Mguu wangu haujalala tu, sasa umeanza kusahau. Nikipanda ngazi ya stoo unatetemeka. Goti limekuwa gumu. Natembea, nabeba unga, nachuchumaa na kuinuka kama alivyonionyesha daktari, lakini ananiambia hiyo haitoshi na ananiuliza baiskeli iko wapi. Nitamwambia nini? Nilimwambia iko kwa fundi.

Nina swali, na usinicheke. Nikiiweka kwa stendi, tairi la nyuma likiwa hewani, nikapiga pedali bila kwenda mahali, hapo nimeikalia ama sijaikalia?

Festus


Kitale
17 Agosti 1987

Mjomba,

Sisi wazima. Sijapata jibu, labda barua ilipotea.

Kang'ethe, yule utingo wa hapa stendi, alikuwa Bungoma wiki iliyopita. Anaijua baiskeli yako kwa ile keria uliyoichomelea chuma cha kitanda. Anasema aliiona sokoni na aliyekuwa juu yake si wewe, ni kijana fulani. Nilimwambia ameona vibaya. Akaapa.

Ranjit ameniita jana. Alizunguka zunguka kwa maneno, akauliza kama nimeanza mazoezi. Nikamwambia bado. Akauliza bado mpaka lini. Akaangalia chini akasema ile fulana Rotich ataijaribu tu, kuona kama inamtosha.

Mjomba, nikuambie ukweli. Usiku nikilala naukanda ule mguu nauliza ni wa nani. Tangu nikiwa kijana mdogo watu wananijua kwa kitu kimoja. Wakisema Festus wanasema Festus wa baiskeli. Sasa niko jikoni kwenye moto, na wateja wapya hawajui kwamba nilikuwa mtu mwingine. Njoo ama uniambie kwa nini huji.

Festus


Bungoma
6 Septemba 1987

Festus,

Nasambu anakusalimu. Mvua imezidi.

Ukikamua ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, si umemkamua? Basi hata kwa stendi umeikalia. Hilo ni jibu la swali lako.

Hilo la Kang'ethe, mtu anaweza kumwazima mtu baiskeli yake bila kuomba ruhusa Kitale. Usitume watu kunichunguza.

Umeandika mengi juu ya mguu. Kuna watu hawana hata huo wa kulalamikia na wamenyamaza. Mikate inapikwa na watu wazima wenye akili, kazi ya moto si aibu, na mwanaume anaweza kuishi miaka yake yote bila kupiga pedali. Fikiria hilo. Pengine mambo ya baiskeli tuyaache, mimi na wewe.

Usije huku. Nikiweza nitakuja.

Mukhisa


Kitale
12 Oktoba 1987

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima, na pia anti. Mama anajua ninachotaka kufanya. Nilimwambia Jumapili akaketi kwenye kinu, akanifungia majani ya chai kwenye karatasi nikuletee. Hakunikataza.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwanzoni nilitaka kuichoma. Sasa nimeamua hivi. Wewe huji, na neno lako haliwezi kuondolewa na mtu mwingine. Basi nitakuletea hilo neno na ng'ombe wako. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, na siku hiyo sitaki kuwa Kitale nikisikia watu wakimpigia Rotich makofi. Nitaondoka asubuhi hiyo. Nitalala kwa mama Kiminini, nitapumzika kwa rafiki yangu wa kiwanda cha karatasi pale Webuye, na nitafika kwako nitakapofika.

Usiogope, sitaikalia. Nitaikokota kwa mkono mpaka mlangoni pako. Kang'ethe alitaka kuifunga juu ya gari, nikakataa. Tangu lini mtu akampeleka mjomba wake ng'ombe akiwa amefungwa kamba juu ya mizigo?

Nikifika, chagua. Ushike usukani useme panda, ama uichukue baiskeli yako mbele ya wazee na tujue moja.

Mpwa wako,
Festus


Bungoma
20 Oktoba 1987

Mwanangu Festus,

Hii barua nimempa mtu anayesafiri kesho, nimemwomba aikimbize. Usije. Soma kwanza yote ndiyo unikasirikie.

Kile kidole nilichokuandikia mwezi wa tatu kilikuwa tayari kimeoza. Nilikuwa nakufunga wewe upumzike, na mimi nikifunga kitambaa kidoleni naenda Chwele, nikisema nikikaa wiki moja tu nguvu zitaniacha na wateja wataniacha. Nasambu alinililia. Nilimwambia kidonda cha mwanaume kinaponea kazini. Mwezi wa tano nilianguka sokoni. Wakapima wakakuta kisukari, na mguu wa kushoto wakaukata chini ya goti. Yale hayakuwa matanga, mama yako alikuja kuniuguza hospitalini. Nilimwapisha asikuambie. Baiskeli nimeiuza, Kang'ethe hakudanganya.

Sasa utauliza kwa nini nimekufungia neno langu miezi hii yote. Si roho mbaya. Barua yako ya plasta ilinifikia nikiwa kitandani, na niliposoma pale ulipoandika mguu wa mtu mwingine nikafunika uso. Neno lile lilitoka kwa mtu mzima, mwenye miguu miwili. Wa kuliondoa atakuwa huyu wa sasa. Mimi nitaishikaje baiskeli nikubariki miguu, mtu niliyekatwa? Nikikupulizia hii bahati yangu je? Nikasema heri mtoto akae bila baiskeli kuliko nimwambie panda halafu siku moja aletwe kama nilivyoletwa. Kisha nikaona unaharibika kwa kukaa, na bado nikaogopa. Nikaandika yale maneno magumu ili uchoke uache mwenyewe.

Nasambu ananiambia mficha maradhi kilio humfichua. Sitoki nje ya lango. Sitaki unione. Kaa Kitale.

Mjomba wako


Kitale
9 Novemba 1987

Mjomba,

Nimefika salama, na mama amefurahia ndizi za anti. Barua yako ya usije nimeikuta kwenye meza ya mikate, Mama Bimla ameiwekea kikombe juu isipeperuke. Mtu wako alikawia njiani, ikafika nikiwa nimeshapita Webuye. Kwa hivyo nimeisoma huku nikiwa nimekwisha kuona kila kitu, na nashukuru ilichelewa.

Kuna mambo sikusema nikiwa kwako, nayasema sasa. Nilipofika langoni nikakuona umekaa kwenye kiti na blanketi magotini, na jua lile, nilidhani umezeeka tu. Halafu ukataka kuinuka kunisalimu na blanketi likaanguka. Nilikasirika, Mjomba. Njia nzima nilikuwa nimekuja nikikutukana moyoni, kila kilima na tusi lake, na sasa sikuwa na mahali pa kuyaweka hayo matusi. Nilienda chooni nikalia. Anti alijua, alibisha akaniambia maji ya kunawa yako nje.

Siku mbili uliongea juu ya bei ya vitunguu. Baiskeli ilisimama pale ukutani hukuiangalia hata mara moja. Siku ya tatu anti akasema siku ya kufungwa kidonda imepita na wewe hutaki kwenda kwa sababu ya macho ya watu. Ndipo nikakubeba nikakuweka kwenye keria. Ulinipiga ngumi mgongoni, nayo ilikuwa ngumi ya mtu mzima. Ukasema watu watakuona. Nikasema ndiyo, watakuona.

Nikakukokota. Pale kwa kinu cha posho wale wazee waligeuka wote kututazama. Halafu mmoja akasema, Mukhisa, kumbe ng'ombe wa chuma amekua mpaka anabeba watu? Ukamjibu, mwambie na wako ajaribu. Wakacheka. Kutoka hapo ulisalimia kila mtu, ukanisimamisha kuuliza bei ya kuku, ukagombana na mwenye kuku. Jua likapanda. Mimi nasukuma, shati limelowa, mguu unauma. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Festus, panda bana. Utanifikisha hospitali ikiwa imefungwa."

Nilisimama nikakuuliza umesema nini.

Ukasema, "Nimesema panda. Ama plasta waliifunga masikioni?"

Neno lako lilisema utashika usukani. Ulikuwa kwenye keria, hukuufikia, ukashika shati langu. Nimefikiria hilo njia yote ya kurudi na nimeamua shati linatosha.

Kurudi nilipanda, lakini nisikudanganye. Nilipofika Webuye mguu ulikuwa unacheza wenyewe, nikalala. Kesho yake vilima vyote nilishuka nikasukuma. Watoto wa shule walinipita. Daktari amenipima, anasema kule kukokota mpaka Bungoma ndiko kulikoanza kuuamsha, na utarudi, ila umechelewa sana na hawezi kuahidi kwamba utarudi wote. Rotich alikuwa wa tatu. Ranjit amembakisha njia ya Kiminini, mimi nimepewa maduka ya hapa mjini, tambarare. Fulana ni yake. Inaniuma, na itaniuma kesho pia. Lakini asubuhi natoka na kreti kwenye keria na watu wanasema Festus huyo.

Usijifungie tena.

Festus


Bungoma
2 Desemba 1987

Mwana wa dada yangu,

Barua yako Nasambu aliisoma kwa sauti, na ile habari ya choo akairudia mara mbili ili nisikie vizuri. Tumeshiba mahindi mabichi. Mbuzi wa jirani amekufa na sasa mwenyewe anakubali alikuwa wake. Wale wazee wa kinu wanakuja hapa jioni, wananisumbua, naomba wasiache.

Umeniambia ukweli juu ya mguu wako, kwamba huenda usirudi wote. Miezi kadhaa ya huo ni mimi niliyeila. Sina ndama wa kulipia. Najua hutanidai na ndiyo maana sijalala vizuri.

Sasa nina neno, na nimelikalia tangu asubuhi. Jana nikinawa nimeona kidonda kwenye kidole cha mguu huu uliobaki. Ni kidogo. Hata kile cha kwanza kilikuwa kidogo. Nasambu nikimwambia atalia, nami nitamwambia si kitu, atanyamaza, na tutarudi pale pale. Wewe huwezi kunyamaza, nimekuona. Kwa hivyo nimekuandikia wewe kwanza, kabla sijapata akili ya kukificha.

Njoo na ng'ombe unipeleke. Wakisema nilale, nitalala. Wakisema inuka, utanikumbusha niinuke. Naogopa sana, Festus.

Usiikokote. Panda, ufike mapema.

Mjomba wako,
Mukhisa